Siku Hakimu Alipouliza Baba Yangu ni Yupi

Pareto inapoanikwa hutoa harufu kali inayokereketa pua, na mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa darasa la pili, harufu hiyo ilijaa boma letu kule Nyamira tangu umande ukauke hadi jua litue. Nyakundi, mume wa mama, ndiye aliyenifundisha kutandaza maua mkekani yasilaliane na kuyageuza taratibu kwa kiganja. Hakunizaa. Aliyenizaa, Ombati wa Suneka, alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho nikiwa bado nanyonya, asionekane tena. Mama alirudi kwao Keumbu, na Nyakundi alipomwoa alirudisha mahari ya Ombati. Wazee walimshauri abakishe ng'ombe mmoja, kwani kwa desturi yetu ng'ombe anayebaki humaanisha kwamba mtoto ni wa mume wa kwanza. Alikataa. "Ng'ombe waende wote," alisema. "Mtoto haendi."

Msimu huo wa mavuno Ombati alirejea, akanidai mahakamani mjini Kisii. Mama alianza kunishika mkono hata katika njia ya kisimani niliyoijua vizuri. Hakimu alikuwa mtu wa Pwani, mpole, asiyejua Kikisii. Ombati alisema damu ni nzito kuliko maji. Mzee wa ukoo wa Nyakundi akajibu kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Hakimu akawanyamazisha, akanigeukia.

"Binti, baba yako ni yupi humu ndani?"

Kiswahili kilikuwa bado hakijanikolea, nami nilisikia neno la nyumbani. Nikamnyooshea mama kidole. Watu wakacheka.

"Unaona, Bwana Hakimu?" Ombati akasema. "Wamemlea hata hajui mwanamume na mwanamke. Nipe nikamfundishe."

Karani, Mkisii mwenzetu, alisimama akijizuia kucheka. "Mheshimiwa, mtoto huyu, Moraa, hajakosea. Kwetu 'baba' ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita 'tata'."

"Kumbe mimi ndiye niliyekosea," hakimu akasema. "Haya, binti. Tata ni yupi?"

Nilivuka chumba, nikapita mbele ya Ombati bila kujua kuwa ndiye aliyenizaa, nikashika mkono wa koti la Nyakundi. Hakimu akamuuliza Ombati aliniona lini mara ya mwisho. Alitazama viatu vyake. "Alikuwa mgongoni kwa mama yake," akajibu polepole. Ikaamuliwa kwamba mahari ilirudi yote, dai lake limekwisha, na mimi ni mtoto wa Nyakundi. Nje, mama aliketi kwenye nyasi. Nyakundi, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, akamwambia, "Inuka, Baba Moraa, twende nyumbani." Mama alicheka huku analia.

Siku hizi watu wakibishania mtoto hupimwa damu, na mawakili huandikiana. Sidharau hayo, sheria ya sasa inawalinda watoto wengi ambao hawakupata hakimu msikivu kama wangu. Lakini kipimo cha damu kingemjua Ombati peke yake. Tulipomzika Nyakundi, mimi ndiye niliyerusha udongo kwanza, kabla ya wadogo zangu wote, kama kifungua mimba wake, na pale kaburini hakuna aliyeuliza nilitoka wapi.