Mpiga Chapa na Mashine Iliyonyamaza

Wenzake ofisini walimwita Vidole. Hakuwa na macho tangu utotoni, na kazi yake katika ofisi ya maji ilikuwa kupiga chapa barua: za kukata maji, za kuyarudisha, za kuomba radhi kwa mabomba yaliyopasuka. Kando ya kompyuta yake palikuwa na kisanduku kilichomsomea kwa sauti kila alichoandika. Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani, ya kioo cheusi na maandishi matupu. Ukitaka jambo, uliandika amri, ukabonyeza kitufe kikubwa, ukajibiwa.

Kwake ilikuwa nyumba. Aliketi asubuhi, mvua ikinong'ona juu ya mabati, akaandika amri ya kwanza, mlango ukafunguka. Akapita ukumbini, akashika kulia, akaingia chumba cha barua. Nyuma yake kulikuwa na chumba kingine, na ndani ya hicho kingine tena, tulivu kama kisima, zilimolala barua za miaka iliyopita. Alitembea humo taratibu, akigusa kuta. Mbele ya kioo kile cheusi wenye macho nao waliingia gizani kama yeye, ila yeye giza hilo alikuwa amelizoea.

Kisha ikaletwa mashine mpya, yenye mfumo mpya: picha, madirisha, na kipanya cha kusukuma mezani. Aliyeileta alisema sasa kompyuta ni rahisi kwa watu wote. Maneno ya namna hiyo husemwa kwa wepesi mno. Hakuuliza watu wote ni akina nani, na kutouliza ni kosa, hata kama mtu ametabasamu. Kisanduku cha sauti kilipounganishwa, kilinyamaza. Kilijua kusoma maandishi ya kioo cheusi, michoro hakikuielewa.

Mkuu wa ofisi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na haraka nayo hudhulumu.

"Mama, mwezi ukiisha hujaweza kuandika barua kwa mashine hii, kiti itabidi nimpe mwingine. Sina la kufanya."

"La kufanya lipo, mzee. Hujalitafuta tu," akajibu Vidole. "Niruhusu nije Jumamosi na shemeji yangu."

Mkuu akaruhusu. Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, alikuwa fundi redio, na utani kwao ulikuwa kama chumvi.

"Haya shemeji, nyumba yako mpya ikoje?"

"Haina kuta. Nanyoosha mkono, sigusi kitu."

"Basi tuitie kamba."

Akabandika uzi wa kushonea wenye mafundo juu ya meza kwa gundi, ukianzia kona ya kushoto. Vidole akisukuma kipanya mpaka alama yake ikwame kwenye kona ya kioo, kisha akakiinua, akakiweka penye mwanzo wa uzi na kuufuata, fundo la kwanza lilimfikisha kwenye picha ya barua. Fundo la pili, printa. Alijaribu mchana kutwa, kidole kikisafiri juu ya uzi kama mtu anayevuka mto kwa kushika kamba. Alirudi nyumbani akiimba.

Jumatatu mkuu akasimama nyuma yake. Vidole akafuata uzi, akafika penye fundo, akabofya, akaanza kuandika kwa fahari.

"Kumbe saa za kazi tunacheza karata?" akasema mkuu.

"Karata gani, mzee?"

"Hizo zilizotandazwa mbele yako. Na unashindwa, kwa taarifa yako."

Karani wa meza ya pili, dada msafi asiyevumilia kitu kukaa upande, akashika mdomo. "Jamani, ni mimi! Zile picha za kiooni zilikaa ovyo ovyo, asubuhi nikazipanga zipendeze."

Ofisi ikacheka. Vidole naye alicheka, lakini mikono yake ilibaki juu ya meza, ikiushika ule uzi usioelekea popote.

Jumamosi iliyofuata, ya mwisho kabla ya mwezi kuisha, shemeji alicheka karata zile mpaka akakohoa. Akashika kipanya azirudishe picha. Hakikusogea. Akakigeuza, akatoa kile kigololi cha tumboni.

"Kimekula gundi, shemeji! Kimevimbiwa."

"Gundi yako hiyo, fundi mkubwa."

Kwa hasira akaanza kubonyeza kibodi huku na huku, kisha akatulia. "Hee. Kumbe inatii."

"Umebonyeza nini?"

"Kitufe cha mshale, alama ikahamia picha ya pembeni. Halafu nimebonyeza herufi ya kwanza ya jina la picha, ikarukia hapo hapo."

Vidole akainua kichwa. "Hata dada msafi akizipanga upya?"

"Hata azipange kama vikombe kabatini. Herufi inafuata jina."

"Toa hicho kipanya mezani kwangu," akasema. "Na uzi wako uondoe."

Siku ya mwisho wa mwezi mkuu akamsomea barua ya kuomba radhi kwa mtaa uliokosa maji. Mashine ilikuwa kimya kabisa. Vidole aliandika bila kusikia hata herufi moja, kama mtu anayepita nyumba ya ugenini akiwa ameambiwa tu milango ilipo. Akabonyeza, akangoja. Printa ikakohoa.

Mkuu akasoma mpaka chini. Akasoma tena.

"Toa nakala mbili," akasema, akaenda zake.

Kiti kilibaki chake. Mifumo ilikuja mingine, kila mmoja na picha mpya na rangi mpya, na wenye macho wakalalamika kila mara kwamba vitu vimehamishwa. Mmoja ukaja na sauti ndani yake, yenye lafudhi ya kigeni, ikisoma Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Vidole aliipenda. Asubuhi ulipoletwa, mvua ilikuwa ikinyesha. Akabonyeza herufi ileile ya zamani, na mahali fulani mbele yake mlango ukafunguka.