Unga Haurudi Kuwa Muhogo

Siku ile katika duka la simu mjini Muyinga tulikuwa binti wa kaunta, bwana mmoja mwenye mashine za kusaga kule Gashoho, mke wake, mimi, na mwanangu mgongoni.

Bwana alisukuma simu ya mkewe juu ya kaunta. Humo mke alikuwa akiweka akiba yake ya ushonaji.

"Huyu amesahau namba ya siri. Isome kwenye kompyuta yako."

"Haisomeki, papa. Kompyuta haitunzi namba yenyewe."

"Uongo! Sasa inamjuaje akiiandika?"

"Inaisaga, inatunza unga tu. Akiandika tena, inasaga tena, inalinganisha unga na unga. We papa unasaga muhogo kila siku. Umeshaona unga ukirudi kuwa muhogo?"

"Mi niko na mashine tatu!" alifoka, akapiga kaunta kwa kiganja.

Angekuwa hata na mia. Watu wa hesabu walihangaika kutafuta njia nyepesi kwenda na ngumu mno kurudi, na leo siri za benki na za simu zimelala nyuma yake. Bwana yule alidhani itafunguka kwa kelele.

Binti alimsogezea mke kiti, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mama, laini ni yako. Tuweke namba mpya?"

"Hapana, dada," alijibu mke. "Mi sikusahau."

Walirudi Gashoho kwa basi moja, simu ikiwa mkononi mwa mke.