Kigingi Chekundu Kwenye Maharage

Juzi wapimaji walipigilia vigingi vyekundu kando ya mto Nyamwamba, na harufu ya rangi mbichi ikanirudisha kwenye mchana mmoja wa utotoni.

Mama alikuwa sokoni Kasese walipopigilia kimoja katikati ya maharage yetu. Kwetu alama kama hiyo shambani ni mpaka, kwa hiyo nilidhani serikali imetunyang'anya nusu ya shamba. Kwa hasira niliking'oa, nikakishusha hadi ukingoni mwa mto, nikakigongelea kwa jiwe. Chini ya maji mawe makubwa yaligongana taratibu. Nilidhani mto unanipigia makofi.

Mama aliporudi alikiona, akacheka. "Kumbe mto iko mbali na sisi! Wapimaji walisema mafuriko yakija, chini ya kigingi ndiyo hatari, juu hakuna shida. Nyumba ya bibi yako tutajenga hapa hapa, chini ya maharage."

Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyekihamisha.

Bibi alilala humo misimu miwili ya mvua. Msimu wa tatu mto ulipanda, ukapita juu ya nyumba ya bibi hadi kwenye maharage, pale pale kigingi kilipokuwa kwanza.

Mpaka leo mama huwalaumu wapimaji. Juzi aliwatukana tena, nami nimesimama kando yake, kimya vilevile.