Kigae Alichokisugua Shangazi

Dada yangu, mwalimu wa kemia, alimwahidi mama jambo moja: siku wakwe wa kaka watakapokuja kwetu Nyakasimbi, ndizi zitaivia kwenye jiko lake la gesi ya samadi. Zikibaki mbichi, jiko litolewe, kuni zirudi. Mama alikubali, ila mzigo wa kuni aliuegemeza mlangoni ili sote tuuone.

Moyo wa jiko ulikuwa kigae cha udongo chenye vitundu, kilichopakwa kutu ya majembe chakavu. Kikishapata joto, mwali hupotea na gesi huungua palepale kwenye kutu. "Kutu inaipa gesi oksijeni yake," dada alitueleza, "halafu inavuta nyingine hewani. Yenyewe haiishi." Nilifurahi mno. Kile tunachokitupa kwa sababu kimechoka, kumbe kinapumua!

Asubuhi ya ugeni shangazi alifika kutoka Nkwenda. Kwetu, wakwe wakija, shangazi ndiye mkaguzi wa jikoni. Huanza kabla hata ya kuweka mkoba chini. Tuliporudi na mkungu kutoka shambani tulimkuta amepiga magoti, amekisugua kigae kwa majivu na mchanga mpaka kimetakata.

"Shikamoo, shangazi," dada alisema.

"Marahaba. Wakwe mnawapikia kwenye uchafu huu? Chuo umesoma, kuosha hukufundishwa?"

"Wifi," mama akasema, "umeosha mpaka jiko lenyewe limetoka!"

Dada aliwasha. Alipofungua tundu la hewa, mwali uliruka juu ya kigae kitupu, ukazimika. Mama akaangalia kuni.

Nilikimbia nyuma ya nyumba nikaleta jembe bovu. Tulikwangua kutu, tukaiponda, dada akaikoroga na udongo laini, akapaka, akakianika kigae juani huku sisi tukimenya ndizi. Hakuna aliyeimba, na kwetu ndizi humenywa kwa nyimbo.

Akawasha tena. Mwali wa buluu ulicheza. Akafungua hewa, mwali ukazama, ukatoweka.

"Umezimika," shangazi alisema, mkono tayari kwenye kuni.

"Subiri, shangazi."

Kigae kilianza kuiva taratibu, kikawa chekundu kama buni mbivu mtini. Shangazi akasogeza kiganja.

"Yesu wangu!" Aliruka nyuma. "Moto hauna mwali, unaunguzaje?"

"Kama wewe ukinuna," mama alimjibu.

Shangazi alicheka mpaka kitenge kikamlegea, na dada akacheka huku akifuta machozi kwa mkono wenye kutu, uso mzima ukawa mwekundu.

Ndizi ziliiva na maharage yake, laini, na wakwe walipofika wakala, wakaomba sahani ya pili. Jioni mama aliutoa mzigo wa kuni mlangoni kwa mikono yake.

"Beba, wifi. Hapa hazina kazi tena."

Shangazi alizikataa. Alipanda bodaboda, mapajani amelipakata lile jembe bovu, akamwambia dada kwamba wiki ijayo anamsubiri Nkwenda, na kigae.