Miche ya Marehemu na Nyonga Yangu

Mke wangu alifariki mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeshika. Aliacha kitalu cha mpunga kando ya jaruba letu, mbegu alizimwaga mwenyewe, na siku tunamzika miche ilikuwa imesimama kijani kibichi. Watu waliokwenda kaburini waliiangalia walipopita. Mimi pia niliiangalia. Kusema kweli niliiangalia kuliko nilivyoliangalia jeneza, maana jeneza lilinishinda.

Kwetu, msiba ukiwa kijijini hakuna anayegusa jembe mpaka matanga yaishe. Ni heshima, na siisemi vibaya. Lakini miche haijui matanga. Yalipoisha, kila kaya ilikimbilia jaruba lake lililochelewa, na kitalu cha mke wangu kilikuwa kimeanza kugeuka njano kwenye ncha. Mche wa mpunga ukizeekea kitaluni hauzai tena vizuri. Unatoa suke dogo la aibu, basi.

Kijana wangu mkubwa anachimba dhahabu Segese. Alinipigia simu.

"Baba, nikutafutie vibarua?"

"Hapana."

"Basi waambie akina mama wa kikundi cha marehemu mama."

"Wana majaruba yao."

"Sasa nani atapandikiza?"

"Mimi."



"Baba," akasema taratibu, "wewe?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Huku kwetu mwanamume hulima jaruba kwa ng'ombe, husawazisha tope, kisha hukaa kwenye tuta na kutoa ushauri. Ushauri nilikuwa nimeutoa miaka yote ya ndoa yangu. Nilikuwa najua mistari inavyotakiwa kunyooka, na wapi maji yamezidi. Kitu ambacho sikuwahi kukifanya ni kuinama.

Lakini nilikuwa na sababu yangu. Kaburi lilichimbwa na vijana. Jeneza lilibebwa na vijana. Mimi nilipewa konzi moja ya udongo niitupe, na hata hiyo nikaikosea, nusu ikaangukia viatu vya mchungaji. Ndiyo kazi yote niliyomfanyia mke wangu siku ile. Miche ilikuwa kazi yake iliyobaki nusu. Nilitaka iingie ardhini kwa mkono wangu.

Nikaenda alfajiri ili nisionekane. Nilisahau kwamba wanawake huenda alfajiri zaidi. Walikuwa jaruba la pili, wameinama wote, na aliyeniona kwanza alikuwa yule mama jirani ambaye yeye na mke wangu walikuwa kama mtu na dada yake.

"Shemeji, umepotea njia?"

"Sijapotea."

"Umeshika miche kama umeshika kuku wa kuibiwa."

Niling'oa mafungu kadhaa kitaluni, nikaingia kwenye tope, nikaanza. Kupandikiza ni kwenda kinyumenyume umeinama, miguu umeitanua, magoti umeyakunja kidogo, na mkono unachoma mche kwenye tope kabla mguu haujarudi. Mistari yangu ilipinda kama njia ya mbuzi. Jua lilipotoka nilikuwa nimemaliza kipande ambacho mke wangu angekimaliza huku anasimulia jambo lingine.

Ndipo wakaanza kuimba. Wanawake wakiwa jarubani huimba, na atakayejitokeza mbele yao huingizwa kwenye wimbo. Wimbo ulikuwa wa namhala mmoja, yaani mzee, aliyepeleka makalio yake sokoni na hakuna aliyeulizia bei. Nikageuka kushoto kuwatazama. Mwili uligeuka. Mguu wa kushoto ulikuwa umezama kwenye tope mpaka karibu na goti, wenyewe haukugeuka. Kitu fulani nyuma ya nyonga kikavutika, nikasikia moto umeingia ndani ya tako, nikakaa majini na miche yangu mkononi.

Waliacha kuimba. Hilo lilinitisha kuliko maumivu.

Sasa niseme upumbavu wenyewe. Mimi ndiye huchuna na kukata nyama kwenye sherehe na misiba ya kitongoji chetu, hivyo nyonga ya ng'ombe naijua. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, kinakaa ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno, na ukipeleka ncha ya kisu ndani unakuta kamba fupi nyeupe. Ukiikata, kichwa kinachomoka. Nikajiambia: kamba yangu imekatika, na paja langu liko njiani kutoka. Yule jirani alitaka wamwite mzee anayevuta mifupa. Nikakataa, nikaona kitu kinachovutwa bila kamba kitakuja chote. Nikawaagiza waniletee mpira wa ndani wa baiskeli, ule wa kufungia mizigo. Nikajifunga kiunoni, nikaupitisha chini ya paja, nikaurudisha juu na kukaza mpaka mguu ukafa ganzi.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda hospitali Kahama. Kutanua miguu kwenye bodaboda sikuweza, nikakaa upande kama bibi harusi, nimefungwa kama gunia la mkaa. Kila tulipopunguza mwendo watu walimwuliza dereva amepakia nini.

Hospitali walipiga picha, mfupa ulikuwa mahali pake. Wakanipeleka kwa binti mmoja wa mazoezi ya viungo, makamo ya mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akautazama mpira. "Huu ni wa nini?"

Nikamweleza habari ya kamba na ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, ila aliinama kutafuta kitu kwenye droo na akachelewa kuinuka. Aliinuka na nyonga ya plastiki.

"Kamba hiyo unayo, baba," akasema. "Lakini kwa mtu ni nyembamba. Ulipokuwa mtoto ilikuwa inapitisha mshipa mdogo wa damu kwenda kwenye kichwa cha mfupa. Ukubwani haibebi kitu kikubwa. Hata ingekatika, paja halitoki."

"Sasa linashikiliwa na nini?"

"Linashikiliwa na hizi za nje."

Akanionyesha. Kuna mfuko mgumu unaozunguka kiungo chote, na juu yake kuna kano tatu, mikanda ya nyuzi ngumu inayofunga mfupa kwa mfupa. Ya mbele ni nene kuliko zote. Inaanzia kwenye mfupa wa kiuno na kugawanyika mara mbili kuelekea kwenye paja. Nikamwambia ni panda ya manati iliyogeuzwa chini juu. Akasema atawaambia wanafunzi wake hivyo. Ya pili iko mbele kwa chini, na inazuia mguu usitanuke kupita kiasi. Ya tatu iko nyuma, inazunguka shingo ya mfupa wa paja, na inazuia paja lisigeukie ndani mno.

"Hiyo ya nyuma ndiyo uliyoivuta," akasema. "Simama."

Nikasimama.

"Ukisimama wima, zote tatu zinajisokota na kukaza, kama unakamua kanga iliyolowa. Kichwa kinabanwa ndani ya kikombe. Ile manati ya mbele inazuia kiuno kisianguke nyuma, misuli inapumzika. Uliwahi kuchunga?"

"Utoto wote."

"Ulikuwa unasimama kutwa na fimbo. Hukuchoka kwa sababu ulikuwa unaning'inia kwenye manati. Sasa ukiinama, kanga inajifungua, zote zinalegea. Kiungo kinakuwa huru, ndiyo maana mtu anaweza kuchuchumaa. Lakini ukiwa umeinama hivyo, mguu umeshikwa na tope, halafu ukajigeuza ghafla..."

"Kuwatazama wanawake."

"Sijui ulikuwa unatazama nini, baba. Mzigo wote uliangukia sehemu moja."

Akaufungua ule mpira mwenyewe, akauviringisha vizuri na kunirudishia. Kisha akatoa masharti. Kusimama wima na fimbo, ruhusa. Kutembea polepole, ruhusa. Kulala kifudifudi, mguu umenyooka, ruhusa, tena nilale hivyo kila siku ili nyonga isikakamae. Kuinama na kuchuchumaa, hapana, mpaka atakaponiambia. Nikamwuliza itakuwa lini. Akasema kano hupona polepole kwa sababu damu inayofika huko ni kidogo, kwa hiyo nihesabu wiki, nisihesabu siku.

"Nina miche," nikamwambia.

"Tafuta mtu akupandie."

Sikumweleza miche ni ya nani. Ningeanza kueleza nisingemaliza, na nje kulikuwa na foleni.

Nikarudi nyumbani, nikasimama kitaluni na fimbo, naning'inia kwenye manati yangu. Njano ilikuwa imeshuka kutoka kwenye ncha. Kama ningengojea nyonga, miche yake ingekufa yote hapo, kwa sababu tu nilitaka kuonekana nimefanya kitu. Jioni nikaenda kwa yule jirani. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalipotea.

"Mayu," nikasema, yaani mama, "nimeshindwa."

"Tulikuona," akasema. "Tulikuwa tunangoja useme. Jaruba la mtu haliingiliwi bila kuombwa."

"Sina wa kuwapikia."

"Sisi tutapika. Wewe utasimama."

Wakaja siku iliyofuata, kikundi chote cha mke wangu. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye tuta na kuwarushia mafungu ya miche, na nikaifanya vibaya, moja likampata mama mmoja usoni. Walinitungia wimbo mwingine, huu ulikuwa na mpira wa baiskeli ndani yake. Mistari yangu iliyopinda ya siku ile waliing'oa wakaipandikiza upya, wala hawakuniuliza. Kwa kuwa miche ilikuwa imezeeka, waliweka mingi kwenye shimo moja. Jaruba lilijaa mbele yangu, mstari kwa mstari, na sikuwa nimepanda hata mche mmoja uliobaki mle. Nilijiona tena pale kaburini na konzi yangu.

Wakafika ukingoni, karibu na miguu yangu, likabaki fungu moja. Jirani alikuwa amelishika. Akanitazama, akaliweka juu ya tuta.

"Shemeji, huyo daktari wako kakataza nini?"

"Kuinama."

"Na kulala?"

"Kulala kifudifudi ameruhusu."

"Basi lala."

Nililala. Waliniteremsha wenyewe, mguu umenyooka, tumbo juu ya tuta, kichwa na mikono vikaning'inia upande wa maji kama kenge anayetaka kunywa. Nikafungua fungu. Nikachoma mche wa kwanza kwenye tope, na wa pili, mpaka mkono ulipofika mwisho. Wakanivuta kwa shati nikasogea pembeni kufuata tuta, nikachoma mingine. Walikuwa wanacheka hadi mmoja akakaa kwenye maji. Shati langu lote lilikuwa tope. Mstari ulinyooka, kwa sababu tuta lenyewe lilikuwa limenyooka. Mizizi ya ile miche ilikuwa mirefu na imeshikana, nikawa naiachanisha kwa vidole, na hakuna aliyeniharakisha.

Fungu lilipokwisha ikabidi niinuliwe. Wawili walinishika kwapani, mikono yangu wakaiweka mabegani mwao, wengine wakasukuma kutoka nyuma.

"Mzito huyu," mmoja akasema.

"Alikuwa analishwa," jirani akajibu.

Hapo ndipo nililia. Msibani sikulia, watu walisema nina moyo mgumu na sikubisha. Sasa nililia nimesimama wima katikati ya wanawake wenye tope, na uso sikuweza kuuficha, maana mikono yote miwili ilikuwa mabegani mwao na wao hawakuiachia. Wakatazama jaruba. Niliponyamaza, jirani akauliza kama mguu unaweza kufika nyumbani, nikasema unaweza, tukaanza kutembea.