Usimuulize Mtu Nyumba Yao

Jengo ninaloishi Kariakoo lina ghorofa saba, lakini sisi tunaolala humo hatuzidi familia tatu. Kwingine kote ni stoo: mabunda ya vitenge, maboksi ya viatu, ndoo za plastiki zinazosubiri wateja wa mikoani. Mchana ngazi haipitiki kwa wapagazi. Ikishafika magharibi mageti yanashushwa, na ukikohoa ghorofa ya nne unasikia kikohozi chako mwenyewe kikishuka mpaka chini. Watu wakisikia nakaa Kariakoo husema, "Mh, kelele zile unazivumiliaje?" Kelele ndiyo nusu ya siku ninayoipenda.

Zamani palepale palikuwa na nyumba yetu ya Kiswahili, vyumba sita na ua nyuma. Ilivunjwa kama zilivyovunjwa za majirani, ndugu zangu wakatawanyika, mmoja Muscat, mwingine ng'ambo ya Magogoni, na mimi nikabaki na duka la chini: vifungo, zipu, bitana na uzi. Mama alikuwa ameshafariki. Nasema alifanya vyema, hakuyaona matingatinga.

Mama alikuwa mwimbishaji wa usiku wa hina. Harusi ya mtaani bila yeye ilikuwa pilau bila bizari. Alikuwa na wimbo wake mmoja wa kumuaga bi harusi, aliuimba peke yake, wengine kazi yao vigelegele tu. Hatukuwa na hata kanda moja ya sauti yake, kwa sababu wanawake wale hawakutaka mashine chumbani. Ya wanawake hayakutoka nje ya mlango, na mama ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Namkumbuka akimtoa bibi mzima na redio yake ya kaseti. Alimtoa huku anacheka, lakini alimtoa. Sasa sura yake ninayo ukutani, kwenye fremu. Sauti ndiyo iliyokuwa inaniponyoka mwaka hadi mwaka, na jambo hilo lilikuwa linanitisha kuliko nilivyotaka kukiri.

Fundi kompyuta wa mtaa wa pili, mtu wa Mtwara, ndiye aliyeniingiza kwenye programu ile. Nilimpelekea kanda mbili za baba, maulidi aliyosoma mwenyewe barazani kwetu, anihamishie kwenye kompyuta. Kazi ilipokwisha akanionyesha kwamba kuna watu dunia nzima wanaopeana mafaili moja kwa moja, kompyuta kwa kompyuta, bila mtu wa katikati. Kila mmoja ana kabati lake. Unafungua la mwenzio, unaona alichonacho, unachukua, na yeye anachukua kwako. Mwenye kabati akiwa yupo, taa ndogo ya kijani inawaka kando ya jina lake.

"Ila kuna adabu zake, dada," akaniambia. "Usije mikono mitupu. Usizoe kabati zima kwa mkupuo, laini ya mwenzio inaelemewa. Ukiona foleni, kaa foleni. Na ukishapata chako usizime fasta ukasepa. Acha wazi, wengine nao wachukue."

Nikamwambia hayo mbona nimelelewa nayo. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na bajia, itarudi na japo ndizi mbili. Akacheka, akasema basi mimi huko nitakuwa malkia. Nikayaweka maulidi ya baba kabatini mwangu, maana yalikuwa mali ya nyumbani, hayana mwingine wa kuyadai. Kila asubuhi nikawa nawasha kompyuta kabla ya kuweka maji ya chai.

Nilikuwa natafuta taarabu za zamani. Siku moja, kwa uvivu tu, nikaandika "harusi Kariakoo". Likatokea faili moja, kwa mtu mmoja. Jina lake lilikuwa herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote. Faili liliitwa usiku wa hina, Kariakoo, upande wa kwanza na wa pili. Nikabonyeza.

Lilikuja kwa mwendo wa kinyonga. Mwenye nalo alionekana asubuhi tu, kwa muda mfupi, kisha taa yake ikazimika mpaka kesho yake. Lakini programu inakuruhusu kusikiliza kile kilichokwisha kufika, nami nikasikiliza. Ngoma, vigelegele, wanawake wanaitikia wote kwa pamoja, huwezi kumtenga mmoja. Kisha ngoma ikatulia na mtu akasema, waziwazi, karibu na kinasa sauti: "Shoga, mfunike huyo mtoto, atapata baridi."

Alikuwa mama. Niliinuka kwenye kiti bila kujua nakwenda wapi. Nililia kwa sauti, kwa kuwa mle ndani nani angenisikia?

Mtoto mwenyewe alikuwa anakohoa kila mara, karibu kabisa. Kwa hiyo shoga mmoja wa mama alikificha kinasa sauti ndani ya khanga, na mtoto kampakata. Shoga mwizi! Sikujua nimlaani au nimwombee dua. Ila nilijua pia jambo jingine: mwenye faili lazima awe mtoto yule, au nduguye. Upande wa pili alikuwepo mtu wa kwetu. Pengine tulilala mkeka mmoja usiku ule, tumefunikwa khanga moja. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilijihisi nina jirani.

Basi nikafanya kama afanyavyo mtu wa Kariakoo. Kwetu huwezi kupokea kitu cha mtu ukanyamaza kama jiwe. Unasalimia, unauliza ya nyumbani, unataka kujua yeye ni wa nani. Programu ina kidirisha cha kuandikiana, nikaandika: "Assalaam aleikum. Habari za asubuhi, habari za nyumbani? Mimi ni binti wa yule anayesikika akisema mtoto afunikwe. Wewe ni mtoto wa nani? Nyumba yenu ilikuwa mtaa gani? Mama yupo?"

Taa ya kijani ikazimika hapo hapo. Faili lilikuwa limefika nusu. Wimbo wa mama huimbwa mwishoni, kwa hiyo ulikuwa upande wa pili.

Kesho yake hakuonekana, wala keshokutwa. Nikaenda kwa fundi, nikamsomea nilichoandika. Akashika kichwa.

"Dada, umezingua. Huko mtu haulizwi yeye nani. Ukimuuliza kwao wapi, anajua anatafutwa. Unachukua, unashukuru, basi."

"Nimemsalimia tu."

"Umemhoji."

Nilirudi dukani nimefura. Adabu gani hiyo, upokee kitu cha mtu usijue kama mamaye yu hai? Lakini hasira ilikuwa kifuniko tu. Chini yake nilikuwa nimevunjika. Nilikuwa nimemfukuza mtu pekee duniani aliyekuwa na sauti ya mama, na nilimfukuza kwa heshima zote alizonifundisha mama mwenyewe. Kabati langu nililiacha wazi. Asubuhi nilikaa mbele ya kompyuta mpaka chai ikapoa, na mchana niliwapimia wateja bitana bila hata kuwatania, mpaka mmoja akaniuliza kama naumwa. Wiki zikapita namna hiyo, mvua zikaanza na zikaisha.

Siku taa ilipowaka tena, funguo za duka zilikuwa mkononi. Nikakaa. Faili likaanza kusogea. Kisha nikaona kitu kingine kwenye kioo: yeye naye alikuwa anachukua kwangu. Alikuwa anachukua maulidi ya baba.

Kila nilichofunzwa tangu utoto kilikuwa kinaniambia msalimie. Nikaikalia mikono yangu, kwa kweli, nikaiweka chini ya mapaja. Huko chini nilisikia mageti ya wenzangu yakipandishwa moja moja, wapagazi wakianza kupiga kelele za kupishwa. Sikuteremka. Maulidi yalimalizika kwanza, faili likafuata.

Mama aliimba wimbo wote. Sauti ilikuwa nzito na ya kukwaruza kuliko niliyokuwa nimeibakiza kichwani. Na alikuwa na pumzi fupi. Palepale pa kuvuta neno pumzi ilimwishia, na wanawake wakamfunika kwa kigelegele ili isijulikane. Walimfanyia hivyo kila ubeti. Maisha yangu yote nilidhani vigelegele vile ni vya kumsifu.

Taa bado ilikuwa inawaka. Nikatoa mkono mmoja, nikaandika, "Ahsante". Sikuongeza hata nukta.

Kisha akajibu: "Nilikuwa nalo peke yangu. Sasa tupo wawili. Usifunge."

Akazima, na tangu siku ile sijamwona tena. Nimejiuliza kama ni mgonjwa, kama amehama, kama alijua anaondoka ndiyo maana akarudi. Hakuna wa kumuuliza, na hata angekuwepo, nimeshajua haulizwi.

Nilifikiri sana kabla ya kuliweka faili kabatini mwangu. Mama angenigombeza. Angesema nimewatoa wanawake nje na vichwa wazi. Lakini mama peke yake hakukijaza chumba kile. Walikuwemo mashoga zake wote, waliomfunikia pumzi yake, na kila mmoja ana mtoto wake mahali, Mbagala au Muscat, ambaye sauti inamponyoka kama ilivyokuwa inaniponyoka mimi. Nikaliweka.

Likakaa muda mrefu bila kuguswa. Juzi, asubuhi, akaja mtu mwenye jina geni, naye ni herufi na tarakimu tu. Akaanza kulichukua, taratibu sana, laini yake mbovu. Nikaketi naye mpaka mwisho, duka limefungwa, wateja wananipigia simu sipokei. Alipofika nusu akasimama kidogo, nikajua anasikiliza. Nilitamani japo aandike "Mambo", nami nimjibu "Poa". Sikumwandikia kitu. Alipomaliza akaondoka bila neno, na mpaka leo sijui kama mama yake yumo kwenye kanda ile.