Paa Lililooshwa

Pale kijijini Eddersley, Uingereza, akina mama walipotaka kumkaripia binti mvivu walimwambia, "Nenda Marbrook ukamwone Winnie Preece anavyosugua." Na kweli alisugua. Alisugua sakafu, akasugua ngazi, akasugua hata jiwe la kizingiti ambalo ng'ombe wangelikanyaga tena kabla halijakauka. Waliomsifu walidhani anapenda kazi. Hawakujua kwamba alikuwa anakimbia jina.

Jina lenyewe lilikuwa Masizi. Alipokuwa mdogo, kibanda cha mama yake kule kwenye kona ya mto kilikuwa na dohani mbovu. Moshi badala ya kupanda ulirudi ndani, ukakaa nao mezani kama mgeni asiyejua kuaga. Winnie alifika shuleni ananuka moshi, shingo ina michirizi myeusi. "Masizi kaja! Fungueni dirisha!" watoto walipiga kelele. Siku moja mwalimu naye akasimama, akalifungua dirisha. La watoto angelisahau. La mwalimu lilimkaa rohoni. Aliacha shule mapema, akaenda kutumika Marbrook, na siku ileile ya kwanza aliomba sabuni kabla hajaomba chakula.

Marbrook ilikuwa nyumba ya wakulima wenye mali, imekaa peke yake nyuma ya bustani ya matufaha. Mifupa yake yote ilikuwa ya mwaloni: nguzo, boriti, na mihimili iliyopinda kama mbavu, vyote vimeshikana kwa vigingi vya mti bila msumari. Katikati ya mifupa hiyo kuta zilikuwa za fito, zimekandikwa udongo na kupakwa chokaa. Nyumba ilikuwa imelalia upande, maskini. Ukiweka yai kwenye meza ya jikoni linajiendea lenyewe mpaka ukingoni. Winnie aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Chumba chake kilikuwa juu ya jiko, na alishaamua zamani kwamba atafia humo.

Ndipo, miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu wa halmashauri wakaja wakasema ibomolewe. Imechoka, walisema, itaua mtu, na barabara nayo inataka kupanuliwa.

"Mimi pia nimechoka na nimepinda," aliwajibu Bibi Skyrme, mjane mwenye nyumba. "Mimi mtanibomoa lini?"

Wakacheka, lakini neno lao hawakulibadili. Njia ikabaki moja. Kulikuwa na mama mmoja wa London, Bi Lathbury, kazi yake kuchunguza majengo ya kale. Akithibitisha kwamba Marbrook ilijengwa enzi za kati, hakuna atakayeruhusiwa kuigusa. Akisema ni ya juzijuzi, basi, yamekwisha.

"Anakuja Alhamisi," Bibi Skyrme alimwambia Winnie. "Atataka kuona kila pembe, Preece. Hata darini."

"Darini, bibi?"

"Naambiwa huko ndiko wanakopenda kuliko kote. Mimi sijapanda tangu niolewe."

Winnie alikuwa anapanda kila mwaka kutandaza matufaha ya akiba ya majira ya baridi. Na alijua kwamba huko juu kuna aibu ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Paa zima kwa ndani lilikuwa jeusi tititi. Haukuwa weusi wa uzee. Yalikuwa masizi, yamelala juu ya kila boriti kama manyoya ya paka, ukigusa yanakushika. Yametoka wapi hakuelewa, maana dohani ya Marbrook ilikuwa nzima na moshi haukuingia darini. Lakini kila alipoyaona alisikia dirisha la shule likifunguliwa.

Sasa mgeni wa London apande ayaone? Chini ya mikono yake yeye, Winnie Preece?

Alichemsha maji, akatia magadi, akachukua brashi ngumu, akapanda. Godsall, mzee wa shambani, ndiye aliyebeba ndoo mpaka kwenye mguu wa ngazi.

"We Winnie, unamwogesha nani huko juu? Maji yanarudi meusi kama viatu vya pasta!"

"Lete ndoo, Godsall."

"Naleta, mama, naleta. Ila tangu lini paa likaoshwa? Si mvua ipo?"

"Inaosha nje."

"Haya. Na mgeni akifika utamtia kwenye beseni naye?"

Winnie akazamisha brashi ndooni. Aliosha mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Chini ya weusi mwaloni ulitokea na rangi ya mkate ulioiva, akaona raha, halafu juu yake akapiga chokaa ili isibaki hata alama. Mahali pamoja tu palimshinda. Dohani ilipopita darini kwenda nje, kati ya matofali na kenchi ya mwisho, ile fremu ya mbao inayobeba paa, palibaki upenyo wa kupitisha mkono tu. Brashi haikuingia. Alihangaika nao, akachoka, mwisho akasimamisha kikapu kikubwa cha matufaha mbele yake na kujiambia hakuna mwanamke wa London atakayeingiza mkono hapo.

Alhamisi ikafika na Bi Lathbury akafika nayo, mfupi, mnene, amevaa suruali ya kiume, penseli nyuma ya sikio. Alianza jikoni. Aliipapasa boriti kubwa iliyobeba dari kama mtu anayempapasa farasi, huku anajiimbia kwa pua.

"Mnaona? Dari hii iliingizwa baadaye. Na dohani vilevile. Mwanzoni, kama nyumba za enzi za kati, hapa palikuwa ukumbi mmoja, wazi kutoka sakafuni mpaka kwenye paa. Moto waliuwasha katikati, hapa hapa tuliposimama."

"Bila dohani?" Bibi Skyrme akauliza. "Moshi ulikwenda wapi?"

"Juu. Ulizunguka kwenye paa mpaka ukajitafutia njia. Ndiyo maana nimekuja kuliona paa lako, bibi. Nikikuta masizi kwenye boriti za juu, kesi tumeshinda. Nyumba nzima inaweza kunidanganya, masizi hayawezi."

Winnie alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Akaiweka sinia chini upesi. Alitamani sakafu aliyoisugua asubuhi ile ifunguke immeze.

Bi Lathbury alipanda na tochi. Walio chini walimsikia akitembea, wakasikia kule kujiimbia kukikatika. Aliposhuka hakumtazama mtu.

"Nasikitika, bibi. Paa ni jeupe, safi kabisa. Hizi nguzo za chini watasema ni mbao kuukuu zilizookotwa kwingine zikajengewa. Bila masizi siwezi kusimama mbele ya halmashauri nikasema huu ulikuwa ukumbi wa wazi."

Bibi Skyrme alikaa kitini taratibu. Winnie alijua la kusema. Maneno yalikuwa mafupi tu, lakini kati yake na hayo maneno lilisimama darasa zima limeziba pua.

Aliyesema ni Godsall, ambaye alikuwa ameketi kizingitini na kikombe chake cha pombe ya matufaha. "Jeupe?" akacheka. "Litaachaje kuwa jeupe! Mgongo wangu huu hauna habari njema, kwa ndoo za Winnie. Maji yalikuwa yanatoka kama wino..."

Kicheko kikamfia mdomoni. Wote wakamgeukia Winnie.

"Preece?" Bibi Skyrme aliita. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

"Nilidhani ni uchafu, bibi."

Bi Lathbury alifumba macho. "Uliosha yote?"

Hapo ndipo Winnie alipojua kwamba kuna aibu na kuna aibu nyingine nyuma yake. Kusema alilisugua paa lilikuwa jambo zito. Lakini lililofuata lilikuwa zito zaidi, neno ambalo hakuwahi kulitamka ndani ya nyumba ile tangu aingie na kuomba sabuni.

"Sikumaliza," alisema.

"Umesemaje?"

"Sikumaliza kazi. Kuna mahali nilipaficha na kikapu."

Walipanda wote, hata Bibi Skyrme, akisukumwa kwa nyuma na Godsall. Winnie alisogeza kikapu, akakunja mkono wa gauni lake, akaingiza mkono nyuma ya dohani mpaka begani. Alipoutoa ulikuwa mweusi kutoka kwenye kucha mpaka juu ya kiwiko. Aliunyoosha mbele ya watu, akatazama pembeni. Godsall alivua kofia.

Bi Lathbury alimulika kwenye upenyo kwa muda mrefu. "Yapo," alisema. "Manene, ya zamani, na kenchi ni ileile iliyojengwa na nyumba." Halafu akaushika mkono wa Winnie kwenye kifundo, kwa uangalifu. "Usinawe, tafadhali. Afisa wa halmashauri anakuja saa ya chai, na tumbo lake halitapita kwenye ile ngazi. Mkono huu ndio atakaouona."

Kwa hiyo Winnie Preece alisimama jikoni mwake mchana ule wote na mkono mweusi, akiushika mbali na gauni kama kitu cha mtu mwingine. Afisa alipofika aliutazama, akasogeza karatasi zake na sahani yake ya keki upande wa pili wa meza. Winnie aliona. Alisimama tu.

Nyumba haikubomolewa. Barabara ilipindishwa.

Siku hizi, kila Juni, Marbrook hufunguliwa wageni waje kuitazama, na wakiwa darini huelezwa kwamba paa hili liliwahi kuoshwa kwa makosa na mtumishi, na masizi yaliyobaki ni yale nyuma ya dohani. Wageni hucheka kwa adabu, kupitia puani. Bibi Skyrme alitaka maneno hayo yaondolewe. Winnie ndiye aliyekataa. "Yakiondolewa, bibi, watadhani paa ni jipya," alisema, akarudi kwenye masufuria yake.

Yeye kazi yake siku ya wageni ni kushika ngazi isiyumbe, na huko chini hukisikia kile kicheko kila mwaka, na kila mwaka masikio humwaka moto. Mwaka huu mama mmoja mwenye kofia ya maua alishuka akiwa bado anajipangusa machozi ya kucheka.

"Kuosha paa! Jamani! Huyo mtumishi bado yupo hai?"

"Yupo," Winnie alisema, na mkono wake wa kulia ukajiendea wenyewe chini ya aproni. "Angalia kidato hicho cha mwisho, mama, kinateleza. Nimekisugua asubuhi."